ARDHI NI YANGU, NYUMBA NI YAKE: HOJA YA MWENYE KIWANJA MBELE YA HISTORIA



Kuna kauli moja ambayo sisi wenye viwanja wa Pwani twaipenda sana. Nimeisikia tangu utotoni Mombasa, na bado naisikia hapa Doha kila jamaa wanapokutana: "Ardhi ni yangu. Nikitaka kujenga, aliyeko juu yake aondoke." Kauli ni fupi na yaonekana haina jawabu. Hati miliki ipo, jina la marehemu mzee lipo, wakili yupo. Basi limebaki neno gani?

Niweke wazi maslahi yangu mwanzo kabisa, asije mtu akasema niliyaficha. Mimi ni mmoja wa warithi saba wa kiwanja kimoja cha Majengo, Mombasa. Juu ya kiwanja hicho zimesimama nyumba tisa za Kiswahili ambazo si zetu. Wenye nyumba, au baba zao na bibi zao, walizijenga kwa fedha zao kwa idhini ya babu yetu, na hadi leo hutulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Sasa amekuja mwekezaji anataka kuinua ghorofa. Warithi wengine sita, walioko Mombasa, Muscat na Toronto, wamekwisha kubali au wanakaribia kukubali. Yangu ndiyo sahihi inayongojwa. Na huku Doha ninakofundisha, mimi mwenyewe ni mpangaji, na katika miaka 14 nimehamishwa mara tatu kwa sababu mwenye nyumba alitaka kubomoa au kubadilisha matumizi. Kwa hiyo suala hili nalijua kwa pande zote mbili.

Hapa nitaieleza hoja ya mwenye ardhi kwa uadilifu, kisha niulize: je, historia yaiunga mkono?

Hoja yenyewe

Wasomi wengi wakiandika juu ya mwenye ardhi humchora kama kabaila mwenye tumbo. Hiyo si haki. Mwenye kiwanja wa Mombasa mara nyingi ni mjane, au ni kundi la warithi ambao fungu la kila mmoja, likigawanywa kisheria, halitoshi kujenga choo. Hoja zake ni nne, na zote zina uzito.

Kwanza, kodi ya kiwanja ni ndogo mno. Ilipangwa enzi za wazee, ikaongezwa kwa kuoneana haya, na leo ya mwaka mzima haifikii tunachodaiwa na kaunti kwa ardhi ile ile. Yaani twalipa ili watu wengine wakae.

Pili, mwenye nyumba naye ni mwenye kupangisha. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita au zaidi, mkabala kwa mkabala, na ukumbi katikati. Mwenyewe hukaa kimoja au viwili, vilivyobaki hupangisha. Kodi ya chumba kimoja kwa mwezi yaipita mbali kodi ya kiwanja chote. "Sasa nani tajiri hapa?" aliniuliza dada yangu, na swali lake si la kipuuzi.

Tatu, nyumba zimechakaa. Vyoo vya shimo vimejaa, nyaya za umeme zimepandana, moto ukizuka gari la zimamoto halipiti uchochoroni. Na si uzee wa Mombasa tu unaoua. Hapa Doha, Machi 2023, jengo la ghorofa nne lilianguka eneo la Bin Durham, Al Mansoura, na watu wakafa. Jengo bovu halina huruma kwa mpangaji eti kwa kuwa ni mpangaji.

Nne, mji lazima ukue. Majengo iko katikati ya kisiwa, na kuiacha na nyumba za chini, wasema, ni kuiba nafasi ya watu mia ili wakae kumi.

Haya yote nayakubali. Ninalolipinga ni lile linalofuata: kwamba kwa sababu hizi, notisi ya miezi mitatu yatosha.

"Tufanye kama Msheireb"

Jamaa zangu walipokuja Doha kutazama Kombe la Dunia la 2022 niliwatembeza Msheireb. Tangu siku hiyo neno lao ni moja: tufanye kama Msheireb. Basi tuiangalie.

Msheireb ulikuwa mtaa wa katikati ya Doha, karibu na Souq Waqif. Ndani yake yapita barabara ya Al Kahraba, yaani barabara ya umeme, iliyopata jina kwa kuwa ndiyo ya mwanzo kuwekewa taa za umeme. Mafuta yalipoleta utajiri, wenyeji wakahamia nje ya mji kwenye majumba makubwa, na nyumba zao za zamani wakazipangisha. Wakaingia Wahindi, Wapakistani, Wanepali na Wabangladeshi: mafundi saa, washoni, wauza simu, wapishi, vibarua wanaolala wengi chumba kimoja. Kisha serikali ikaamua kuujenga upya moyo wa mji. Jiwe la msingi liliwekwa Januari 2010, eneo la hekta 31, chini ya kampuni iliyo tawi la Qatar Foundation. Leo kuna tramu, majengo yenye kivuli kilichopangwa kwa akili, maktaba, mikahawa. Ni kazi nzuri, sitaki kuidharau.

Nyumba nne za zamani ziliachwa na kufanywa makumbusho, yaliyofunguliwa 2015. Moja ni Bin Jelmood, na hiyo yatuhusu sisi moja kwa moja, kwani yaeleza habari za utumwa katika Bahari ya Hindi. Walioletwa Ghuba kuzamia lulu na kutumika majumbani, wengi walitoka kwetu, Afrika Mashariki. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952. Kuwa na makumbusho kama hayo katikati ya mji ni ujasiri, na wapo majirani wa Ghuba ambao hawajathubutu.

Lakini waliokuwa wakiishi Msheireb kabla ya 2010 wako wapi? Walitawanyika. Wengine walisogea mitaa ya jirani, kama Najada, Al Asmakh na Al Mansoura, na wengine wakasukumwa mbali zaidi. Mwaka huo huo wa 2010 ilitoka Sheria namba 15 inayokataza makazi ya wafanyakazi katika mitaa ya familia. Na mwishoni mwa Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa majengo zaidi ya kumi ya katikati ya Doha yalikuwa yameondolewa watu. Katika moja, la Al Mansoura, wakaazi walisema waliambiwa saa mbili usiku, wakapewa saa mbili za kutoka. Serikali ilijibu kuwa jambo hilo halihusiani na mashindano, bali ni mipango ya muda mrefu ya kupanga upya mitaa.

Sasa tazameni tofauti, kwa sababu ndiyo kiini cha maneno yangu. Mpangaji wa Msheireb hakuwa na kitu pale isipokuwa kitanda na mkataba, na mara nyingi mkataba wenyewe ulikuwa wa mwajiri wake. Ardhi ilikuwa ya mwenyeji, na nyumba ilikuwa ya mwenyeji. Alipoondoshwa alipoteza jirani, kazi ya karibu, mazoea, na hayo si madogo. Lakini hakuacha nyuma ukuta aliojenga yeye. Mpangaji wetu wa Majengo ukuta ni wake, paa lake, mlango wake. Kumwambia "tufanye kama Msheireb" ni kusahau kwamba yule wa Msheireb alikodi chumba, na huyu wetu alikodi udongo mtupu akaufanya mji.

Ndugu walioko Marekani wataielewa hali hii upesi. Huko kuna mamilioni ya watu wanaomiliki nyumba za kuletwa kwa magurudumu, zikawekwa juu ya kiwanja cha mtu mwingine kwa kodi ya mwezi. Huitwa nyumba za kuhama, lakini nyingi zikishawekwa hazihami tena: gharama ya kuzihamisha ni kubwa na nyingine zikiguswa zavunjika. Mwenye uwanja akiuuza, mwenye nyumba hubaki na kitu chake kisichobebeka. Twadhani hali yetu ni ya kienyeji tu, kumbe ina ndugu zake Ohio na Minnesota.

Nyumba isiyo na ardhi ilitoka wapi?

Mazoea ya kumiliki nyumba juu ya ardhi ya mwingine hayakuletwa na Mwingereza. Sheria ya Kiingereza ina kanuni kongwe kwamba kilichopandwa juu ya ardhi chafuata ardhi. Fiqhi haiendi hivyo. Kwetu mnazi waweza kuwa wa Juma na shamba la Khamis, na nyumba ni kama mnazi. Ndiyo maana katika nyaraka za Pwani ya Kenya mpaka leo mwasikia "nyumba bila ardhi": inauzwa, inarithiwa, inawekwa rehani, peke yake.

Na juu ya sheria kulikuwa na mila. Mwenye ardhi wa karne ya 19, Mombasa au Unguja, hakutafuta kodi kwanza. Alitafuta watu. Mtu mkubwa alijulikana kwa waliomzunguka: jamaa, wageni kutoka bara, mafundi, watumwa na waliokuwa watumwa. Alimpa mtu mahali pa kujenga, na yule akamlipa kwa heshima, kwa kuja kwenye arusi na matanga, kwa kusimama upande wake siku ya ugomvi. Ardhi isiyo na watu haikuwa na thamani. Aliyekuja kujenga ndiye aliyeipa thamani.

Na kama mwenye ardhi akibadili nia? Hapa ndipo wengi wetu hatusomi vitabu vyetu wenyewe. Pwani yetu ni ya madhehebu ya Shafii, na kitabu kilichotegemewa sana na makadhi wake ni Minhaj at-Talibin cha Imam an-Nawawi, aliyefariki 1277. Ukifungua mlango wa ariya, yaani kuazima, utakuta suala hili hili: mtu ameazimisha ardhi ili mwenziwe ajenge, kisha ataka kuirudisha. Kama waliwekeana sharti tangu mwanzo kwamba jengo litaondolewa, litaondolewa. Kama hawakuwekeana sharti, na mjenzi hataki kuling'oa mwenyewe, mwenye ardhi hapewi ruhusa ya kubomoa bure. Hiari zinazotajwa ni tatu, na wanazuoni wamejadiliana ni zipi kati yake alizo nazo: aliache jengo kwa kodi, au alinunue kwa thamani yake, au alibomoe na alipe hasara aliyomtia mwenziwe.

Najua nitaambiwa: ustadh, hiyo ni ariya, na hawa wetu wanalipa kodi, kwa hiyo ni ijara. Sawa. Lakini Mashafii wanasema yaliyo karibu na hayo hata kwa ijara ya kujenga ambayo muda wake umekwisha pasi na sharti la kung'oa. Mahanafi wana msimamo ulio karibu zaidi na mwenye ardhi. Ila sisi si Mahanafi, na babu zetu hawakuandikiana na wapangaji wao kwa madhehebu hayo.

Kisha akaja Mwingereza na karatasi. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya. Mwaka uliofuata, 1908, ikatoka sheria ya hati za ardhi: kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa Pwani aje kwa msajili athibitishe, na isiyodaiwa iwe ya Serikali ya Kifalme. Fikirini mpangilio wa miaka hiyo miwili. Mtu ameachwa huru leo, na kesho dirisha la kudai ardhi limefunguliwa kwa wenye nyaraka, mashahidi na mawakili. Waliofaulu zaidi walikuwa Waarabu, Waswahili wa miji na Wahindi. Wamijikenda na waliotoka utumwani wengi waliachwa nje. Frederick Cooper ameieleza safari hiyo vizuri katika From Slaves to Squatters, kitabu cha 1980.

Lakini uovu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa kimyakimya. Mahakama za kikoloni zilikubali nusu ya fiqhi: kwamba nyumba na ardhi ni milki mbili. Nusu ya pili, inayomlinda mjenzi, haikushika nguvu kama ile ya kwanza. Mahali pake ikawekwa dhana ya Kiingereza ya mpangaji anayekaa kwa ridhaa tu ya mwenye ardhi, ridhaa ikiondoka naye aondoke. Hivyo mwenye ardhi akapata bora ya dunia mbili. Kutoka Uislamu alipata mtu wa kumjengea mji bila yeye kutoa senti. Kutoka Uingereza alipata nguvu ya kumfukuza. Wajibu wa sheria zote mbili ulipotea njiani.

Ng'ambo, 1928

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Unguja. Ng'ambo ulikuwa upande wa pili wa hori, mkabala na Mji Mkongwe. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, waliotoka mashambani wakahamia huko kwa wingi, wakajenga nyumba za miti na udongo. Wanawake wengi waliotoka utumwani walipata Ng'ambo kitu cha kwanza maishani cha kuitwa chao, nacho ni nyumba. Ardhi ilikuwa ya wenye majina makubwa, Waarabu na baadaye Wahindi, au ya wakfu. Mwanzoni wengi hawakulipa kitu, au walilipa kidogo sana.

Mji ulipokua, ardhi ya Ng'ambo ikawa bidhaa. Viwanja viliuzwa kwa watu wasiojuana kabisa na waliokaa juu yake, na kodi ya ardhi ikaanza kupanda. Aliyeshindwa alipelekwa mahakamani. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), ameandika kwa kina juu ya yaliyofuata: mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Jambo lilizungumzwa barazani, misikitini, kwenye taarab na viwanja vya mpira. Mgomo ukaendelea hadi 1929, na serikali, ambayo kawaida ilisimama na wenye ardhi, ikalazimika kuingilia kati kwa sheria ya kuwekea mipaka kodi ya ardhi.

Hoja ya wagomaji haikuwa kwamba ardhi ni yao. Hawakumnyima mwenye ardhi ardhi yake. Walisema mapatano yamevunjwa. Tulipewa mahali tukajenga, tukakaa, tukazikana, na leo mwatuhesabia kama tuliofika jana kwa meli.

Wenye ardhi wangeweza kutulia wakati ule na kutafuta masikilizano ya kudumu: kuuza viwanja kwa wenye nyumba kwa bei ya taratibu, kwa mfano. Hawakufanya hivyo kwa kiasi cha kutosha. Kidonda kikabaki, na siasa za miaka ya 1950 zilikikuta kibichi. Sisemi kwamba kodi ya ardhi ndiyo iliyoleta Mapinduzi ya Januari 1964. Hayo yana sababu nyingi na humu tumebishana mno. Lakini baada ya Mapinduzi ardhi yote ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na hati za wenye viwanja wa Ng'ambo zikawa karatasi za kufungia karanga.

Na mwenye nyumba je, alishinda? Nusu. Serikali ikawa ndiyo mwenye ardhi, na tangu mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani ya Mashariki, ikapitisha maghorofa ya Michenzani katikati ya Ng'ambo. Nyumba zilizokuwa njiani zilibomolewa. Wengi walipewa flati, na flati ilikuwa na maji na choo cha ndani. Lakini ile nyumba yenye ukumbi, ua, na vyumba vya kupangisha vya kumlisha bibi uzeeni, ilikwenda.

Baraza la mji likiwa ndilo mwenye ardhi

Msidhani mwenye ardhi wa serikali ana moyo laini zaidi. Nairobi ya mwanzo ilikuwa na kijiji cha Pangani, chenye Waislamu wengi, Waswahili na watu wa makabila mbalimbali waliojenga nyumba na kupangisha vyumba. Hapa pia wanawake wenye nyumba walikuwa wengi. Luise White ameandika habari zao katika The Comforts of Home (1990). Baraza la mji lilitaka kijiji kiondoke. Pumwani ilianzishwa mapema miaka ya 1920, watu wajenge wenyewe juu ya viwanja vya baraza kwa kodi, utaratibu ule ule wa nyumba yako na ardhi yangu. Pangani ikasalia hadi ilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenyewe wakaambiwa wahamie mtaa mpya. Mtaa huo waitwa Shauri Moyo. Wazee wa Nairobi husema jina latokana na hali yenyewe: ni shauri la moyo wako, ukubali au ukatae, lakini Pangani haipo tena.

Mfano wa karibuni ulio bora kidogo ni Magomeni Kota, Dar es Salaam. Wapangaji wa nyumba zile za serikali waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kupisha ujenzi, wakiahidiwa kurudi. Miaka ikapita pakiwa uwanja mtupu. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akafungua maghorofa yenye nyumba kwa ajili ya kaya 644 zilizoondolewa. Miaka kumi ni mingi, na wapo waliofariki wakingoja. Lakini tuseme haki: orodha ya majina ilihifadhiwa, na ahadi ikatimizwa. Laiti wenye viwanja binafsi tungekuwa na orodha kama hiyo.

Turudi kwa mwenye kiwanja

Wakili wetu asema sheria ya Kenya iko nasi. Ni kweli kwa kiasi. Katiba ya 2010, kifungu cha 40, yalinda milki ya mwenye hati. Marekebisho ya sheria za ardhi ya 2016 yataka notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kwa anayekaa bila haki kwenye ardhi binafsi. Lakini Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 43, yataja haki ya makazi yanayofaa, na kifungu cha 40 chenyewe chakubali kwamba serikali ikitwaa ardhi, aliyekaa kwa nia njema bila hati naye aweza kufikiriwa fidia. Kama serikali, ikijenga barabara, yaweza kumwona mtu huyu, mimi niliyekula kodi ya bibi yake nitasemaje kwamba simwoni?

Kwa hiyo jawabu langu kwa kauli niliyoanza nayo ni hili. Ndiyo, ardhi ni yetu. Lakini thamani anayotaka kuilipia mwekezaji haikutokana na udongo. Ilitokana na miaka ya watu kukaa, kufungua duka, kujenga msikiti, kuifanya Majengo ikawa Majengo. Mwenye nyumba si mpangaji wa kawaida. Ni mshirika ambaye fungu lake halikuandikwa.

Nimewaandikia ndugu zangu sita kwamba sitatia sahihi mpaka mambo matatu yaingie katika mkataba. La kwanza, kila mwenye nyumba achague: nyumba yake inunuliwe kwa thamani iliyokadiriwa na mthamini asiye wetu, au apewe nyumba katika ghorofa jipya kwa hati. La pili, kabla ya kumuuzia mwekezaji, wenye nyumba tisa wapewe nafasi ya kukinunua kiwanja wenyewe kwa pamoja, kwa bei ile ile. Msicheke. Katika jimbo la New Hampshire, Marekani, wenye nyumba za magurudumu walianza kununua viwanja vyao kwa ushirika tangu 1984, na sheria ya huko yamtaka mwenye uwanja awape taarifa siku 60 kabla ya kuuza. La tatu, wapangaji wa vyumba, ambao hawamo katika hati yoyote, wapewe muda wa kutosha na nauli ya kuhama. Hawa ndio watu wa Msheireb walioko Majengo. Fiqhi haikuwataja, wagomaji wa 1928 waliwasahau, na mwenye nyumba akishalipwa atawasahau pia.

Dada yangu amenijibu kwamba mimi nina mshahara wa dola na naweza kuwa karimu kwa fungu la wenzangu. Neno lake ni zito, maana wawili kati yetu hawana kipato kingine. Ndiyo sababu sikusema tuwaache wakae bure, wala sikukataa ghorofa. Kwa mahesabu yangu, masharti haya yatapunguza atakachopata kila mrithi, lakini hayatakiondoa. Ghorofa latoa nafasi ya kutosha kwa wote kama hatutaki yote.

Basi, ndugu zangu, kwa walio na ujuzi zaidi wa fiqhi ya ijara, naomba mnisahihishe hasa kwenye suala la mkataba wa mdomo usio na muda, kwa sababu ndio wa babu yetu. Na kwa warithi wenzangu wa viwanja vya Mombasa, Malindi na Lamu mliotapakaa duniani: hati ziko mikononi mwenu, na hawa wawekezaji watafika kwenu pia. Andikeni majina ya walioko juu ya ardhi kabla hamjaandika bei.

Naomba kuwasilisha.

Wabillahi tawfiq,
Ndugu yenu, Doha